Ada ya Jasho

Dokta Hezron Mbijima hakuwa mtu wa kuzungukazunguka maofisini. Kwa hiyo alipoingia katika chumba cha Perusi Ndahani Jumatatu ile asubuhi, bahasha kwapani, viatu vimejaa vumbi jekundu la mtaa wa Kitalu cha Saba, Perusi alijua kuna neno, na neno lenyewe si jema.

"Karibu, Daktari. Vuta kiti."

"Nitasimama," alisema Hezron. "Nikikaa nitapoa, na sitaki kupoa kabla sijamaliza."

Perusi alikuwa mpanga ada wa Mamlaka ya Maji ya Luwindo. Mtu akitaka kujenga nyumba, karakana au mtaa mzima katika jiji lile, hakuanza na fundi wala hakuanza na ramani. Alianza na Perusi. Yeye ndiye aliyekokotoa mjenzi atoe nini ndipo bomba lake liunganishwe na mabomba ya jiji. Zamani, mama yake Perusi alipokuwa karani hapohapo, ada hiyo ililipwa kwa fedha. Aliyekuja nyuma alinunua fungu lake katika visima na matangi ambayo waliotangulia walikwisha kuyagharamia, au alichangia kuchimba kisima kipya. Lakini sasa visima vya bonde la Chihanju vilikuwa vimegota kwenye mwamba, kisima kipya hakikuwa na pa kuchimbwa, na sheria ilibadilishwa ikawa fupi: anayekuja aje na maji yake.

Ayatoe wapi? Hapo ndipo palipokuwa na kazi ya Perusi. Luwindo ilikuwa imejifunza kutopoteza. Maji ya kuoga, ya kufulia, hata ya chooni, yalirudi kwenye mitambo, yakachujwa, yakapanda tena mabombani. Yasiyorudi ni yale yaliyotoka miilini kwa jasho na pumzi, yakapotelea hewani. Katika joto la nyuzi arobaini na tatu, kila kichwa kilipoteza lita tatu kwa siku. Lita hizo tatu ndizo jiji lilizomtaka mgeni azilete.

Na sindano ilizipunguza zikabaki moja.

Sindano ilifunga vinyweleo na kuyafundisha mafigo kukamua kila tone kabla ya kuliachia. Aliyechomwa alikunywa kidogo, ngozi yake ikawa kavu, na hakutoka jasho tena maishani mwake. Alifanya kazi alfajiri, na jua likipanda akajifungia ndani kwenye kivuli. Miaka minne nyuma, Perusi alikuwa ameandika kanuni kwamba watu wasio na maji ya kuleta waruhusiwe kulipa kwa sindano. Wenyewe wakaiita ada ya jasho. Watu elfu moja na mia tisa wa Kitalu cha Saba waliilipa, wakafunguliwa mabomba, na Perusi akapewa cheti mbele ya meya.

Hezron aliifungua bahasha, akaweka karatasi mezani.

"Thelathini na mmoja wamekufa tangu mwaka jana. Wote mafigo."

Perusi alisoma majina. Alisoma taratibu, kisha akageukia kioo cha kompyuta yake na kufungua jedwali la akiba, kwa sababu namba ile ilikuwa imemgusa mahali. Akaikuta. Katika muda uleule, akiba ya maji ya Kitalu cha Saba ilikuwa imepanda kwa lita thelathini na moja kwa siku. Pembeni, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa ameandika: ufanisi wa watumiaji.

Akalifunga jedwali.

"Wagonjwa ni wangapi?"

"Nimepima mia sita. Mia mbili na kumi mafigo yao yamebaki nusu."

"Sindano haiwezi kutenguliwa?"

"Figo likishafundishwa hivyo halisahau. Linakamua mpaka linachoka."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Niliandika barua mbili," alisema Hezron. "Muulize mkurugenzi wako. Mimi nimekuja kwako kwa sababu nasikia Ijumaa unafungua Kitalu cha Nane."

Ilikuwa kweli. Kitalu cha Nane kilikwisha kujengwa, nyumba mia sita zimepigwa rangi na kufungwa makufuli, mabomba yake makavu. Wenye nyumba hizo, watu elfu mbili na mia nne, walikuwa Kambi ya Changarawe nje ya jiji. Walikuwa wakulima wa mpunga kutoka delta ya pwani, waliokimbia bahari ilipoingia mashambani na kukataa kutoka. Akiba ya jiji ilikuwa lita elfu mbili na mia sita kwa siku. Bila sindano walihitaji elfu saba na mia mbili. Kwa sindano, elfu mbili na mia nne, na zile mia mbili zilizobaki zingewatosha wachanga, ambao hawakuchomwa mpaka wafike miaka mitano. Ilibaki sahihi ya Perusi tu.

*

Mkurugenzi Adelhelm Mapunda hakukana. Alivuta droo, akazitoa barua zote mbili, akazilaza mbele ya Perusi.

"Nilizisoma," alisema. "Halafu nikapanda gari nikaenda kambini. Wiki ile walizika watoto watano. Kuhara. Boza letu la maji linafika mara mbili kwa wiki. Siku nyingine wanakunywa maji ya shimo, ya chumvi, yenye kila uchafu. Figo linaua kwa miaka, Perusi. Kuhara kunaua kwa siku mbili. Wewe ni mtu wa hesabu. Niletee hesabu nyingine na nitaisaini mimi."

"Ninayo."

Alikuwa ameifanya akiwa amesimama kwenye korido. Zilizopungua ni lita elfu nne na mia sita. Luwindo ilikuwa na nyumba elfu thelathini na moja. Kila nyumba ingetoa kidogo, kwa kufunika bustani ya darini wakati wa jua au kuacha sufuria moja isichemke bila mfuniko.

"Kila nyumba inatoa kiasi gani?" aliuliza Mapunda.

"Haifiki kikombe cha chai."

Mapunda alizirudisha barua kwenye droo. "Unajua watasema nini."

"Acha waseme. Waulizwe."

Waliulizwa. Kila jiko la Luwindo lilikuwa na mita ukutani, na jambo lililogusa fungu la waliotangulia lilipigiwa kura kwenye mita hizo, nyumba moja kura moja. Perusi aliandika swali. Sentensi ya mafigo Mapunda aliikata, akasema jiji likiingiwa na hofu hakutakuwa na kura wala ada. Perusi alibishana naye nusu saa, akashindwa. Swali likapelekwa Jumanne saa moja asubuhi na kufungwa saa moja jioni.

Alipofika nyumbani saa kumi, taa ya mita jikoni ilikuwa nyekundu. Nyumba yao ilikwisha kujibu. Mumewe, Danstan, alikuwa mezani akichambua mchicha.

"Umebonyeza nini?"

"Hapana," alisema Danstan, wala hakuinua uso.

"Ni kikombe, Danstan. Hata kikombe hakifiki."

"Leo ni kikombe. Kesho ni Kitalu cha Tisa, ndoo. Mama yangu amelala chumba kile, ana miaka themanini na moja. Baba yangu alichimba kisima cha nne kwa mikono yake, mpaka akafa na kifua cha vumbi. Hao watu siwachukii. Lakini ulitaka nibonyeze ndiyo halafu nimwambie nini mama?"

Perusi alitaka kumwambia habari za mafigo. Alifungua mdomo, akakumbuka kwamba yeye mwenyewe, kwa miezi kumi na minane, alizitazama lita zile zikipanda na hakuuliza zinatoka wapi. Akachukua kisu, akakaa, akamsaidia kuchambua.

Kura za ndiyo zilikuwa elfu nne na kidogo. Hapana zilikuwa elfu kumi na tisa. Waliosalia hawakujibu kabisa.

*

Alhamisi alikwenda kambini. Mapunda alimpa kishikwambi chenye fomu mpya, iliyoandaliwa na wanasheria baada ya kuziona zile barua. Hezron alikubali kufuatana naye kwa sharti moja: aseme yote, asibakize.

Mwenyekiti wa kambi alikuwa Bi Somoe Mpili, mwanamke wa miaka sitini na ushee, mfupi, mwenye vidole vilivyopinda kwa kung'oa na kupandikiza miche ya mpunga. Aliwapokea chini ya turubai, akawatandikia mkeka. Hakuwakaribisha maji. Hapakuwa na maji ya kukaribisha mtu.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Tumeambiwa kesho."

"Kesho ipo," alisema Perusi. "Lakini kuna jambo nimekuja kusema kwanza."

Akasema. Alieleza sindano inafanya nini mwilini, akataja thelathini na mmoja, akataja mia mbili na kumi, akaeleza kura ilivyokwenda. Alisema pia kwamba kanuni ile aliiandika yeye. Watu walikuwa wamejikusanya pembeni, wamesimama, watoto mgongoni. Alipomaliza, ilisikika injini ya boza tu, huko mbali, ikija kwa siku yake.

Mwanamume mmoja aliyembeba mtoto mikononi, miguu ya mtoto inaning'inia kama haina mifupa, aliuliza, "Na wewe umechomwa, dada?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Wazazi wangu walilipa kwa fedha. Wakati huo fedha zilikubaliwa."

Yule mtu aliitikia kwa kichwa, kama aliyeelezwa bei ya kitu dukani.

"Tukikataa?" aliuliza Bi Somoe.

"Nyumba zitabaki zimefungwa. Boza litaendelea."

"Mara mbili kwa wiki."

"Mara mbili kwa wiki."

Bi Somoe alitazama upande wa mashariki wa kambi. Huko kulikuwa na safu ya vilima vidogo vya changarawe, vyote vya urefu wa mkono mmoja. Hakusema ni vya nini na Perusi hakuuliza.

"Daktari, mtu akichomwa anaishi miaka mingapi?"

"Siwezi kukuahidi," alisema Hezron. "Mwingine mitatu. Mwingine kumi. Wapo ambao pengine hawatapata lolote. Na mimi mwenyewe, mama, sitamchoma mtu. Hilo nalisema mbele yako."

"Hakuna aliyekuomba." Haikuwa kauli ya hasira. Bi Somoe aligeuka, akazungumza na watu wake kwa kilugha chao, maneno machache. Wakajibu, wengine kwa sauti, wengine kwa mikono. Mzee mmoja alilia kimya na kujipangusa kwa kanzu. Haikuchukua hata robo saa.

"Tutachomwa," alisema. "Wakubwa wote. Watoto wenye miaka mitano tutawaficha umri mpaka itakaposhindikana, nakwambia wazi."

Perusi akakiweka kishikwambi juu ya mkeka. Aliona haya kukisogeza, lakini alikisogeza. "Kila mkuu wa kaya anatakiwa kuweka dole gumba hapa. Bila hivyo mfumo haufungui valvu."

Bi Somoe alivaa miwani iliyofungwa uzi. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno. "Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa madhara ya tiba hii, nimeyajua, na nimeyakubali kwa hiari yangu." Akasoma tena. Kisha akavua miwani.

"Hii hatuweki."

"Bi Somoe, bila hii..."

"Nimekusikia. Kujua tumejua, umetuambia mwenyewe na nakushukuru. Kukubali hatujakubali. Tuna kiu. Hayo ni mambo mawili, na karatasi yako imeyafanya moja. Tukitia vidole hapa, siku mjukuu wangu atakapokuja mjini kuuliza bibi yake alikufa na nini, mtamwonyesha dole la bibi yake. Mtamwambia: alitaka mwenyewe." Akakirudisha kishikwambi kwa ncha za vidole. "Mwili nitautoa. Dole hulipati."

Perusi akakichukua kishikwambi. Aliaga, akaagwa kwa heshima.

Garini Hezron hakungoja wafike barabarani. "Basi ndiyo imekwisha. Wamekataa kusaini. Rudi, mwambie Mapunda hakuna ada, na jiji lilazimike kutoa kile kikombe."

"Jiji limekwisha kukataa kikombe."

"Litaona aibu."

"Lini, Daktari? Umeviona vile vilima."

"Na Kitalu cha Saba nimekiona vilevile. Nimewafumba macho. Jumatatu nilikuona umekuwa kijivu kwa majina thelathini na moja. Sasa unataka mia ngapi?"

Perusi alitazama nje. Alijua kwamba asipofungua, kuna watoto watakaokufa wiki ijayo na hakuna karatasi itakayoandika jina lake. Akifungua, kuna watu watakaokufa kwa miaka, naye ndiye atakayekuwa amewaua, tena akijua. La kwanza lilikuwa jepesi kwake. Aliona kwamba ni jepesi, na akaona ni kwa nini Mapunda aliweza kuzilaza zile barua ndani ya droo.

"Nishushe ofisini," alisema.

*

Fomu ya kuunganisha bomba ilikuwa na sehemu moja ambayo mfumo haukuiruka: Aliyeyajua Madhara. Haikusema lazima awe mwenye nyumba, wala kwamba mtu mmoja hawezi kuweka dole kwa kitalu kizima. Wanasheria walichukulia kwamba hilo halihitaji kusemwa.

Ijumaa saa mbili asubuhi, mezani pake, Perusi aliandika humo:

Mimi, Perusi Ndahani, mpanga ada wa Luwindo, niliyeitunga kanuni ya ada ya jasho, nimeyajua madhara ya sindano. Watu thelathini na mmoja wamekufa nayo. Mamlaka iliandikiwa mara mbili. Jiji liliombwa kikombe kwa kila nyumba na halikuambiwa kwa nini. Watu wa Kitalu cha Nane hawakuyakubali madhara haya. Wana kiu. Ninayefungua maji kwa njia hii ni mimi.

Akaambatisha taarifa ya Hezron na majina yote. Kisha akaweka dole gumba.

Alijua kitakachofuata. Faili la bomba jipya likishafungwa, nakala yake hujiandika katika kila mita ya jiji, ili asitokee mtu wa kuja baadaye na kubadili mafungu ya watu. Ndivyo mfumo ulivyojengwa, na mkurugenzi hakuwa na uwezo wa kuifuta nakala hiyo. Kufikia saa tatu, sentensi aliyoikata Mapunda ilikuwa ukutani katika majiko elfu thelathini na moja, pamoja na kukiri kwa Perusi. Danstan alimpigia simu mara nne. Mara ya nne akapokea.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Danstan.

"Ningekuambia ungebonyeza nini?"

Simu ikakatwa.

Alikwenda Kitalu cha Nane kwa gari la wauguzi wa Mamlaka. Meza tatu zilipangwa barabarani, mbele ya milango yenye makufuli. Bi Somoe alikuwa wa kwanza. Alikunja mkono wa gauni mpaka begani, akatazama mbele mpaka muuguzi alipomaliza, akapokea funguo zake, akatembea mpaka nyumba namba moja. Baadaye kidogo maji yalisikika humo ndani yakipiga ndoo. Kwenye foleni watu waliyasikia na wakasogea, kila mmoja hatua moja.

Perusi alisimama palepale tangu asubuhi mpaka mtu wa mwisho akachomwa, saa tisa alasiri. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemshukuru. Mwanamume yule wa jana alipita akiwa na funguo mkononi. Mtoto hakuwa naye.

*

Alishtakiwa kwa kusababisha madhara akijua. Wakili wake alimtaka aseme kwamba alitii maagizo, naye akakataa. Kesi ilichukua mwaka na nusu. Katika muda huo Kambi ya Changarawe ilijaa tena watu wengine, na swali la kikombe likarudi kwenye mita kwa ajili ya Kitalu cha Tisa, safari hii na sentensi yake yote. Ndiyo zilifika elfu kumi na tatu, mojawapo ikiwa ya Danstan. Hazikutosha.

Siku ya mwisho ya ushahidi aliitwa Bi Somoe. Alikuja amejitanda kanga mbili, ngozi ya uso imekauka mpaka inameta, akakataa kiti. Wakili wa Mamlaka alimuuliza kama ni kweli kwamba mshtakiwa aliwaeleza kila kitu. Akasema ni kweli. Akaulizwa kama wao walikwenda mezani kwa miguu yao. Akasema walikwenda kwa miguu yao, hawana mingine.

Hakimu aliinama mbele. "Mama, je, una kinyongo na mshtakiwa huyu, au umemsamehe? Mahakama ingependa kujua."

Bi Somoe alimtazama Perusi kizimbani kwa mara ya kwanza tangu aingie. Walikuwa wamekonda wote wawili.

"Mheshimiwa, maji yanatoka," alisema. "Wajukuu wangu wanne wako hai, nilikuja Changarawe na sita. Na mimi naumwa hapa." Akagusa chini ya mbavu, upande wa kushoto. "Tangu mwezi wa Ramadhani. Andikeni yote matatu. Msiache moja."

Hakimu akamwashiria karani aandike. Karani akauliza, kwa sauti ya chini, aandike lipi kwanza.

Perusi alihukumiwa miaka saba. Wa kwanza kufa katika Kitalu cha Nane alikuwa mwanamume mmoja wa nyumba namba mia mbili na kumi na nne, na siku hiyo mpanga ada mpya, kwa mujibu wa kanuni ambayo haikuwa imefutwa, aliongeza lita moja kwenye akiba ya jiji.